Mkono wa Papa Kwenye Gia

Gari la baba yangu lilianza kulia Jumapili moja tukitoka misa. Nikisema kulia sina maana ya injini. Injini ilikuwa nzima, inakohoa kidogo asubuhi basi. Nasema ile sauti ya meno ya chuma yakisagana, unapotaka kuingiza gia na gia haitaki, sauti inayowafanya hata wapita njia wakunje uso kana kwamba wao ndio wanaong'olewa jino. Tulikuwa katikati ya mlima wa Cimpunda, pale njia inapokata kona chini ya duka la unga. Mimi nilikuwa kwenye usukani, papa kando yangu, mama nyuma. Nikakanyaga embreyaji, ambayo jirani zetu wa mashariki huiita klachi, papa akasukuma gia ya kwanza. Ikakataa. Akasukuma tena, ikalia, na gari likaanza kurudi nyuma.

Kabla sijamaliza kuvuta breki ya mkono, mama alikuwa ameshafungua mlango. Alitoka na jiwe lake, akalitia nyuma ya gurudumu, akalikandamiza kwa kisigino cha kiatu cha misa, kisha akasimama akijipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo. Bukavu ni mji wa kupanda na kushuka, na mwenye gari la zamani hapa hatembei bila jiwe. La kwetu lilikaa miguuni pa mama miaka yote, ndani ya mfuko wa kitenge aliolishonea mwenyewe ili lisichafue gari. Wanawake wengine huenda misa na kibeti, mama anaenda na kibeti na jiwe.

Kaka yangu mkubwa alikuwa nyuma yetu na gari lake, lile lisilo na pedali ya embreyaji, linalojibadilishia gia lenyewe. Alikuwa anakuja kula kwetu. Yeye anakaa Muhumba, kwenye lami na maua, na kila akipanda huku kwetu anapanda na uso wa mtu anayemtembelea mgonjwa. Alishuka, akatazama gurudumu, akamtazama mama, halafu akasema lile neno ambalo bila shaka alikuwa amelibeba moyoni siku nyingi.

"Papa, hii gari imekufa. Siku moja mama atakosa kuweka jiwe, na nyie bote mutaenda mupaka chini ku soko. Niko na mutu anaitaka, atatosha bipande, abiuzishe. Atakuja samedi."

Nilikuwa na jibu tayari, na halikuwa zuri. Lakini papa aliinua kiganja, akafikiri kidogo kama anayehesabu siku hadi Jumamosi, mkono wake mwingine bado juu ya gia.

"Sawa," akasema. "Samedi aje. Kama gari imepanda huu mulima mupaka ku mulango bila kulia, inabakia. Ikilia, aikamate."

Nikamgeukia nikitaka kubishana. Hakuna haja. Baba yangu akishatoa neno mbele ya mtoto wake wa kwanza, harudi nyuma, hata neno hilo likimchoma yeye mwenyewe.

Lazima nieleze kwa nini lilikuwa linamchoma.

Papa alikuwa dereva Lwiro, kwenye kituo cha utafiti. Maisha yake yote ya kazi aliwapeleka wataalamu msituni na kuwarudisha, kwenye njia ambazo mvua ikinyesha si njia tena. Gari hili alilinunua likiwa tayari limetumika, gari la Kifaransa rangi ya maziwa, lililomzidi umri hata kaka yangu mkubwa. Ndilo lililomleta mama kutoka kwao siku ya harusi, ndilo lililonipeleka shule ya wakunga, na nilipofeli mtihani wa kwanza ndilo lililonirudisha nyumbani. Halafu macho yake yakaanza kufa. Yalianza pembeni, yakaja katikati, na daktari akatuambia ugonjwa huo haurudishi ulichokwisha kuchukua. Leo papa anaona mwanga na giza, na kitu kikipita katikati ya hivyo viwili anajua kuwa kuna kitu kimepita.

Siku aliyoacha kuendesha, alinipa ufunguo mezani wakati wa chakula, akaomba chumvi. Kwa muda fulani nilimwendesha kama abiria, naye alikaa kando yangu mikono juu ya magoti, mtu mzima aliyefundisha nusu ya madereva wa mtaa, na mimi nikiua injini kila kona. Uvumilivu si kipaji changu. Siku moja kwenye mlima uleule nilikasirika nikampigia kelele, si yeye, gari, lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu. Akasema taratibu, mkono wake ukitafuta gia, "Weye kanyaga tu. Vitesi, miye nitaingiza."

Tangu hapo tukaendesha hivyo. Usukani na pedali ni vyangu, gia ni ya papa. Anakaa kulia, mkono wake wa kushoto juu ya kile kichwa cha gia kilicholainika kama sabuni iliyotumika, anasikiliza injini. Mimi nikikanyaga, yeye anaingiza. Hatuambiani kitu. Mwanzoni tulikuwa tunakosana, mguu wangu mapema, mkono wake nyuma, au kinyume chake. Baadaye tukazoeana kiasi kwamba nilikuwa nazungumza na mama kuhusu bei za samaki huku mguu wangu na mkono wa papa vikifanya kazi yao bila sisi. Sijawahi kucheza dansi na baba yangu, familia yetu si ya dansi. Lakini nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa yetu.

Jumapili ile jioni, gari likiwa limefikishwa nyumbani kwa kusukumwa na kaka amekwisha kwenda, papa aliniambia sababu yake kwa maneno machache. "Mu gari ya kaka yako, mutu hana kazi ya kufanya. Inajiendesha. Miye mule niko muzigo. Sikatai, ni gari muzuri. Lakini niko muzigo."

Basi ndicho kilichokuwa kwenye mizani wiki ile: gari lipande, baba yangu aendelee kuwa dereva; gari lilie, awe mzigo. Kazini nilizalisha watoto wa watu, nyumbani nikarudi kwenye gari.

Jumatatu nilipotoka zamu tulikaa ndani ya gari uani, mimi na yeye. Nilitaka kulipeleka gereji mara moja. Papa akakataa. Alisema fundi mmoja tuliyempelekea masika yaliyopita alilisikiliza dakika moja akasema bwati imekufa, bwati ikiwa ndiyo giaboksi, na mtu akiisha kusema bwati imekufa anachotaka ni kuifungua. "Mbele ya kufungua, tuulize," akasema.

Hapo alinipata. Kazi yangu ni hiyo. Mama mjamzito akiingia akishika tumbo, simkimbilii na mkasi. Namuuliza inauma wapi, ilianza lini, ikija inakaa, au inakuja na kwenda. Sikujua kwamba siku moja nitakaa kando ya baba yangu tukiliuliza gari maswali hayohayo.

Swali la kwanza lilikuwa injini ikiwa imezimwa. Papa akaingiza gia zote, moja baada ya nyingine, hadi ya kurudi nyuma. Ziliingia kama mkono unaoingia mfukoni. "Unasikia? Bwati iko muzima. Ingekuwa imekufa, hata sasa ingekataa." Nikawasha injini, nikakanyaga embreyaji hadi mwisho wake. Gia ya kwanza ikagoma, ya kurudi nyuma ikalia hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa kwenye meno. Ulikuwa kwenye kutenganisha: injini inazunguka, gia zinataka kutulia ziingie, na embreyaji ambayo kazi yake ni kuachanisha hivyo viwili haiachanishi vizuri.

Swali la pili, papa aliniambia nivute breki ya mkono kwa nguvu, tuingize gia ya tatu, kisha niachie pedali. Injini ikazimika palepale, gari likatikisika kama mtu aliyeshikwa kwikwi. Papa akafurahi kana kwamba nimemletea zawadi. Kama disiki ya embreyaji ingekuwa imekwisha, akaeleza, injini ingeendelea kunguruma na gari kusimama tu. Imezimika, maana yake disiki inashika. "Inashika sana. Shida yake ni kuachia."

Nikamwambia nawajua watu wa namna hiyo. Akacheka.

Jumanne nikalipeleka gari kwa fundi wetu, ambaye gereji yake ni kipande cha ardhi kando ya barabara kubwa chini ya Cimpunda, bati juu na oili chini. Ni mtu mwema, mwenye heshima nyingi kwa papa na hofu kidogo kwa mama, kwa sababu ya usafi wa gari lile. Tulimweleza tulichokwisha kuuliza. Akakubali, akalala chini ya gari, akasema waya wa embreyaji umelegea, akaukaza. Halafu akaja kuketi kwenye usukani ajaribu mwenyewe. Kabla hajaweka viatu vyake vya oili ndani, akachukua kipande cha kartoni, akakitandika chini vizuri.

"Maman ataniua nikiacha alama," akasema.

Akajaribu. Gia ikalia. Akashuka, akakaza tena kidogo, akapanda, ikalia zaidi. Akajikuna kichwa. Alisema hawezi kukaza zaidi ya hapo, maana waya ukikazwa mno disiki haitashika, na tukifika mlimani tutanusa harufu ya kuungua. Kilichobaki, kwa maoni yake, ni kushusha bwati chini atazame ndani. Kazi ya wiki nzima, na vipande havipatikani Bukavu, labda ng'ambo.

Sisi hatukuwa na wiki nzima. Nilirudi nyumbani nikiendesha kwa gia ya pili tu, nimeuma meno, papa kando yangu hana gia ya kubadilisha. Mama alikuwa mlangoni. Alichungulia sakafu ya gari, akaona kartoni ya fundi, akatikisa kichwa kwa kuridhika kwamba angalau fundi yule amelelewa.

Siku mbili zilizofuata sikulala vizuri. Nilimkasirikia kaka, nikamkasirikia fundi, nikaikasirikia hata ile kona chini ya duka la unga. Kaka alipiga simu kuuliza kama mnunuzi aje mapema. Nikamwambia aje saa atakayo na alete leso. Mama ndiye aliyeninyamazisha, kwamba kaka yangu anaogopa, na anayeogopa hatukanwi. Ni kweli, alikuwa anaogopa. Alikuwa amemwona mama yake akiweka mguu nyuma ya gurudumu la gari linalorudi.

Ijumaa mchana mvua ilinyesha, ile mvua ya Bukavu inayofunga ziwa kama pazia. Nikakaa na papa barazani, gari mbele yetu limesimama na jiwe lake. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nikamwambia hivyo. Yeye akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyesikia tamaa yangu imekatwa, "Weye mugonjwa wako akirudi na dawa haikufanya kazi, unamuuliza nini?"

Nikamwambia namuuliza ni lini anaumwa zaidi, na ni lini anapata nafuu.

"Basi."

Nikafikiri. Kwa miaka kadhaa gari lile lilikuwa likinung'unika kabla ya kulia. Lini lilikuwa na nafuu? Kiangazi. Kiangazi kilichopita tulienda hadi ziwani na kurudi, gia zikaingia bila neno. Lini liliumwa zaidi? Masika, kila masika, na kila mara tulipotoka gereji. Papa akarudia maneno yale ya mwisho polepole. "Likitoka gereji, linazidi." Halafu akauliza swali ambalo mimi nisingeuliza hata nikipewa mwaka mwingine.

"Mama yako, kiangazi, anafanya nini na gari?"

"Analiosha," nikasema. "Anatoa vitu vyote, anaanika." Na papo hapo nikaviona vile vitu alivyokuwa anaanika juu ya ukuta: makartoni, ambayo mvua zikirudi aliyarudisha na kuongeza mengine.

Hapa kwetu mvua zikianza, hakuna gari lisilo na kartoni sakafuni. Udongo wa Bukavu ni mwekundu na unanata, viatu vikiingia navyo vinaingiza nusu ya kilima. Kwa hiyo watu hufungua boksi la sabuni au la biskuti, wakalitandika chini ya miguu, likilowa wakatupa. Kwa kuwa kila gari linayo, hakuna anayeiona. Fundi haioni, dereva haioni, ni kama ngozi ya gari.

Papa alisimama mvuani. Akaniambia nimpeleke upande wa usukani.

Hakuwa ameketi kule tangu siku ya ufunguo na chumvi. Nilimfungulia mlango, akapapasa fremu, akaingia polepole, akaweka mikono juu ya usukani kwa muda. Mimi nilisimama nje nikilowa, nikaangalia pembeni, kwa sababu uso wake ulikuwa wake peke yake wakati ule. Kisha akanyoosha mguu wa kushoto, akakanyaga embreyaji. Akaachia, akakanyaga tena. Mguu ule uliikanyaga pedali hiyo mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu, na ulikuwa unakumbuka kina chake.

"Hapana," akasema. "Haishuki. Zamani ilikuwa inafika chini, unasikia chuma. Sasa inafika juu ya godoro."

Nikainama, nikaanza kuvuta. Ya kwanza ilikuwa kartoni ya fundi. Chini yake kartoni ya maziwa ya unga, ile aliyoiweka mama alfajiri ya Jumapili ile, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na tulikuwa tunaenda misa. Chini yake kipande cha balatumu, lile zulia la plastiki tulilokuwa nalo sebuleni nikiwa msichana, maua ya kijani na kahawia, limekatwa kwa mkasi likafuata umbo la sakafu hadi nyuma ya pedali. Chini ya balatumu kartoni ya sabuni, ya biskuti, ya mishumaa, nyingine zimekandamizwa zikawa ngumu kama mbao. Nilizitoa moja moja nikamsomea papa maandishi yake. Ilikuwa kama kuzisoma jikoni zetu zote za miaka ile aliyoacha kuona.

Mama alitoka na mwavuli. Akaniona nimeshika balatumu, akaona rundo matopeni, akasimama.

"Juu ya nini munatosha bintu byangu?"

Nilieleza kwa nini nilikuwa navitoa. Labda nilieleza haraka mno, kama kawaida yangu. Kwamba pedali ilikuwa inazuiwa, haishuki hadi mwisho, kwa hiyo embreyaji haiachii, kwa hiyo gia zinalia. Nikaona uso wake unabadilika.

"Kwa hiyo ni miye nilikuwa naua gari ya papa," akasema.

Mvua ilikuwa inapiga mwavuli. Kisha akaongea na papa, si na mimi, kwa sauti ndogo. Alisema papa ndiye aliyekuwa akirudia kila siku kwamba chuma kikinywa maji kinaoza, kwamba gari linaanza kufa chini ya miguu. Kila masika papa alikuwa akipiga magoti na kitambaa, anakausha sakafu. Macho yalipokwenda, mama akaona hataweza tena kukausha. Na hakutaka aulizwe, wala papa ajue kwamba kuna kazi yake nyingine imechukuliwa na mtu. "Nikasema nitafunika. Maji isifike."

Papa aliinama kutoka kwenye kiti. Akapeleka mkono chini ya pedali, pale nilipokwisha kutoa kila kitu, akapapasa chuma cha sakafu taratibu, pembe kwa pembe, kama ninavyompapasa mtoto aliyezaliwa sasa hivi kuona kama amekamilika.

"Mama wa batoto," akasema, "leta mukono."

Mama akanirushia mwavuli, akainama, akaweka mkono wake pale palipokuwa na mkono wa papa. Chuma kilikuwa kikavu. Hakuna kutu, hakuna tundu. Rangi ileile ya maziwa. Nayajua magari ya umri ule hapa mjini. Mengi ukiinua zulia unaona barabara inapita chini. La kwetu lilikuwa na sakafu ya gari jipya.

"Nimekuwa nikijiuliza hii miaka yote," papa akasema, "mbona gari yangu haiozi. Asanti. Asanti sana, mama."

Nilikuwa nimesimama na mwavuli juu ya wazee wawili walioingiza vichwa chini ya usukani, maji yananiingia mgongoni, na nililia wazi, sikujificha. Nilishukuru. Nilimshukuru mama kwa makartoni yale, nikashukuru kwa mvua, nikamshukuru hata kaka na Jumamosi yake, kwa sababu bila yeye tungeendelea kunung'unika hadi gari life kweli na tusingejua kamwe lilikuwa limetunzwa namna gani.

Jioni fundi alikuja kulegeza waya aliokuwa ameukaza, akaona rundo, akaelewa bila kuelezwa. Alishika kichwa. "Na miye niliongeza yangu!" Mama akampa chai na kumwambia ile yake ilikuwa safi kuliko zote.

Jumamosi asubuhi tulianzia chini, kwenye barabara kubwa, sisi watatu. Papa alikuwa amevaa shati la misa. Mama nyuma, jiwe miguuni kwenye mfuko wake wa kitenge, maana kuamini ni kuamini na mlima ni mlima. Njia ilikuwa bado inateleza, pikipiki zinatushukia, mwanamke mmoja na karai la viazi kichwani hakutaka kutupisha, na alikuwa na haki. Gia ya pili tukapanda nayo hadi kona ya duka la unga. Pale gari likaishiwa pumzi. Nilikanyaga embreyaji, na safari hii mguu wangu ulishuka, ukashuka, hadi nikasikia chuma chini ya soli. Papa akasukuma. Gia ya kwanza ikaingia bila sauti yoyote. Nilijua imeingia kwa sababu tu mkono wake ulitulia.

Mama nyuma alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Alikiacha.

Kaka alikuwa amesimama getini na mnunuzi, mtu mnene mpole mwenye kamba ya kuvutia gari begani. Tulifika mbele yao. Papa akauliza, "Imelia?" Kaka akasema, "Hapana, papa. Haikulia." Na kwa sifa yake lazima niandike kwamba alikuwa anatabasamu. Alinyoosha mkono dirishani akagusa bega la papa, akamwambia mama atoe jiwe angalau leo. Mama akakataa.

Nilitaka kuzima injini. Papa akasema bado. Akauliza kama mafuta yapo. Yapo. Basi twende Lwiro.

Tulienda. Tukashuka tena tulikopanda, tukavuka mji, tukashika njia ya ziwa kuelekea Kavumu. Papa aliijua njia kwa mkono wake. Kabla sijaiona kona alikuwa ameshaanza kungoja mguu wangu. Alijua wapi panahitaji gia ya tatu, wapi njia inanyooka tunaweza kuweka ya nne na kupumua. Tulipoacha barabara kubwa na kuanza kupanda kati ya migomba, alirudisha ya pili akasema, "Hapa pana mikaratusi mikubwa upande wa kuume." Nikatazama. Ilikuwa imekatwa, visiki vinachipua. Nikamwambia ipo, inachipua. Yote mawili yalikuwa kweli.

Lwiro tulisimama kando ya njia, karibu na mahali alipokuwa akiegesha zamani. Mama alishuka kwanza, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu ingawa palikuwa tambarare. Mzee mmoja aliyekuwa anauza ndizi alimtazama papa akishuka, fimbo mkononi, akipapasa mlango, akamtambua. Walishikana mikono muda mrefu bila kuachiana. Kisha mzee yule akatazama macho ya papa, akaelewa, akauliza kwa huruma kama watu wanavyomuuliza mgonjwa:

"Muzee, ni nani alikuleta?"

Papa aligeuka upande aliosikia mimi na mama tukivuta pumzi.

"Sikuletwa," akasema. "Ni miye nimeleta hawa."

Mzee wa ndizi akatutazama sisi wawili, hajui aamini nini. Mama akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Ni yeye alituleta," akasema. "Na hakulizisha gari hata mara moja."